Jina la Chura wa Nzaui

Mwanangu Mumbua,

Kesho ukifika steji ya Sultan Hamud utanitafuta kati ya wale wote waliokuja kukuaga, na hutaniona. Baba yako atakuwepo, shangazi zako watakuwepo, kwaya ya akina mama imeshachagua wimbo. Mimi sitakuwepo. Nimemwomba baba yako akupe barua hii mkishaketi ndani ya gari na mlango umefungwa, si kabla, kwa sababu nakujua. Ungeisoma mapema ungeshuka na kupanda mlima kunifuata, na ndege haimngoji mtu.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma kwanza mpaka mwisho, ndipo ukasirike vizuri.

Sitakuandikia habari za sweta, baridi na chakula cha wazungu. Shangazi yako Katumbi amekuimbia hayo tangu Jumatatu, na kama kuna alilosahau atalikumbuka kwa sauti kubwa pale steji. Nataka tu ujue kwa nini siji.

Jumapili, ulipokuwa umekwenda Malili kumuaga rafiki yako, Mzee Nzioka alisimama baada ya mahubiri kutoa matangazo ya kamati ya maji. Alisema simiti imefika. Alisema Alhamisi asubuhi na mapema mwethya wote, kikundi chetu cha kazi za pamoja, ukutane kule Ithembo, wanaume na sepetu, akina mama na mchanga, ule ufa wa sanduku la chemchemi uzibwe siku hiyo hiyo na mambo yaishe. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, mikono ilitangulia kabla kichwa hakijaelewa. Kisha nikakumbuka Alhamisi ni siku gani.

Nilimfuata nje, nikamkuta anafunga baiskeli yake kamba.

"Mzee, hamwezi kungoja mpaka Ijumaa? Alhamisi mtoto anasafiri."

"Mwalimu, wamama wanalala kwa laini ya maji. Nikiwaambia wangoje juu ya safari ya Mumbua, si watanitukana?"

"Na ile kitu nilikuomba? Ile bomba ndogo ya kuacha maji yapite kwa mwamba?"

"Hiyo tutaona hiyo siku."

"Mtaona aje?"

"Tutaona tu. Ukiwa hapo, utaona pamoja na sisi." Akapanda baiskeli.

Ukiwa hapo. Nimelizungusha neno hilo kichwani tangu Jumapili kama mtu anayetafuna mfupa. Nisipokuwa hapo hakuna atakayeona kitu. Watatia simiti mpaka juu, wataimba, watakunywa chai, wataenda nyumbani wakiwa wamefanya kazi njema, na kwa kweli itakuwa kazi njema. Foleni pale mferejini nimeiona kwa macho yangu. Susu wako mwenyewe, mama mkwe wangu, na magoti yale, aliteka maji kwa kikombe akijaza mtungi wiki iliyopita. Sina ugomvi na watu wanaotaka maji.

Lakini wewe unaujua ule mwamba kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye uliyenishika mkono mwezi wa nne ukanionyesha mayai ya yule chura, yamebandikwa kwenye yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya jiwe. Ulinionyesha viluwiluwi vyake ambavyo haviogelei dimbwini kama vya vyura wengine, bali vimeng'ang'ania jiwe lenyewe huku maji membamba yakipita juu yavyo. Chura huyu hataki bwawa wala mto. Anataka jiwe lenye jasho. Sanduku likizibwa lote mwamba utakauka kabla ya Krismasi, na yeye atakauka nao, na hatujamwona mahali pengine popote.

Na kesho hiyo hiyo wewe unambeba. Waliohifadhiwa wako ndani ya zile chupa ulizozifunga kwa taulo, katikati ya nguo zako, pamoja na kaseti ya sauti yake na barua za ruhusa. Utamweka mezani kando ya vyura wa kale waliomo kwenye makabati ya makumbusho ya huko, uhesabu vidole, upime miguu, uandike kinachomtenga na wenzake wote, halafu umpe jina. Siku moja hiyo hiyo, Mumbua. Wewe unakwenda kumtafutia jina na wao wanamletea simiti. Mimi sitaki apewe jina akiwa marehemu.

Juzi, tulipokuwa tunamenya mbaazi, uliniuliza, "Mami, nikiandika, nimpe jina lako? Wewe ndiye ulimwona wa kwanza." Mimi nikaendelea kumenya. Ulidhani nimekataa kwa unyenyekevu, ukanicheka. Haukuwa unyenyekevu. Nitakujibu humu, lakini siwezi kukujibu kabla sijakueleza kilichonipeleka Ithembo mara ya kwanza.

Kabla yako palikuwa na mwingine. Hilo unalijua. Susu alikuambia ulipokuwa mdogo, kwa sentensi moja, akaendelea kupepeta mtama. Nyumbani kwetu jambo hilo husemwa hivyo na kupitwa, na mimi sikuwahi kukuongezea neno.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa asubuhi, jua ndio kwanza linagusa kichwa cha mlima Nzaui, akaja na nywele nyingi na kilio kidogo. Siku ya pili akafa. Kwetu jina hutolewa siku ya tatu, na mtoto ambaye hajafika hapo wazee humwita kiimu, maana yake bado ni wa mizimu, bado hajawa mtu wa kwetu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Susu wako alikuwa ameokoka tangu mimi sijazaliwa, lakini jambo hilo halikuwa limeokoka pamoja naye. Wazee wa kike walimfunga mwanangu kwenye leso, wakatoka naye, wakarudi mikono mitupu, wakaniambia nisilie kwa sababu hakuna mtu aliyekufa. Mchungaji hakuitwa. Baba yako alitumwa aende akakague ng'ombe. Akaenda.

Mimi nilikuwa nimetoka Kitui mwaka uliotangulia, mwalimu wa baiolojia mwenye cheti chake, msichana wa kujibizana na kila mtu, na siku hiyo nilikosa la kuwajibu. Maziwa yalitoka wiki nzima, hakuna wa kuyanyonya. Niliwachukia, Mumbua. Nakuambia wazi. Nilimchukia susu wako kwa muda mrefu, huku nikimpikia na kumwita mwaitu, mama yangu.

Sikuweza kukaa ndani ya ile nyumba asubuhi, ile saa aliyozaliwa. Nikaanza kutoka kukiwa bado kuna ukungu, nimebeba mtungi ili nionekane nina kazi, na nikawa napanda mpaka Ithembo. Nilipachagua kwa sababu palikuwa mahali pa matambiko ya zamani na watu wa kanisa hawakupenda kufika hapo peke yao. Nilijua hakuna atakayenifuata. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe na kulia mpaka nikinai, halafu nateka maji na kushuka.

Asubuhi moja nilinyamaza ili nipenge kamasi, nikasikia kitu. Unaijua sauti yenyewe: kama mtoto wa Sunday school anayegonga chupa ya soda kwa kijiko ili kushika mdundo, mara mbili, kimya, mara moja. Nilidhani ni mtu ananidhihaki. Nikasimama na jiwe mkononi. Nilitafuta mpaka jua likatoka na sauti ikaisha, nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, na hata sijui ni siku gani nilikuja pale bila kulia.

Nilipomwona nilicheka. Mdogo hivi, angeweza kukalia ukucha wa kidole gumba, mgongo wa rangi ya ugali wa wimbi, na aliporuka nikaona ndani ya mapaja yake rangi ya papai lililoiva. Nilipekua vitabu vyote vya shule, nikaazima vingine mpaka Machakos. Hakuwemo. Nikamwandikia mtaalamu mmoja Nairobi, naye akanijibu kwa adabu sana kwamba maelezo yangu ni mazuri lakini maelezo si kitu. Anahitaji chura mwenyewe, dume na jike, waliohifadhiwa vizuri. Bila kielelezo hakuna jina, na kisicho na jina, kwa kazi yao, hakipo.

Unaweza kukisia nilivyoipokea barua hiyo. Nilikuwa nimeshaambiwa maneno hayo na wazee wa kike wa hapa Matiliku.

Kilichofuata ndicho kile kisa ambacho watu wa hapa bado wanakichekea, na wewe umekisikia vipande vipande. Sasa kisikie kwangu. Niliwakamata wawili nikawaweka kwenye mkebe wenye majani mabichi nikingoja kupata fomalini. Ya shuleni ilikuwa imemalizwa na panya wa mtihani. Lilikuwa joto la mwezi wa pili, mkebe niliuacha dirishani, na niliporudi kutoka darasani wote wawili walikuwa wamekufa. Chura mdogo hivyo huoza haraka kuliko unavyoweza kutafuta gari. Spiriti ya taa ya presha hapakuwa na duka lililokuwa nayo. Nikabaki nimesimama na mkebe wangu, na akilini likanijia jina la Mama Ndinda.

Wewe unamjua Mama Ndinda wa leo, anayeongoza maombi ya Jumatano. Wakati ule alikuwa anapika chang'aa, pombe kali kama spiriti, kule chini mtoni na chief alikuwa anamwinda kila wiki. Mimi sikuwa nimeonja pombe hata siku moja. Sikuwa nimeinusa. Nilikwenda kwake mchana, nimevaa sare ya kwaya kwa sababu tulikuwa na mazoezi baadaye, nikasimama mlangoni.

"Mwalimu! Wewe, hapa?"

"Nataka nusu chupa."

"Ya nani?"

"Ya chura."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Chura anakunywa?"

"Hanywi. Amekufa."

"Pole," akasema. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na chupa imefungwa kwa gazeti. Harufu ilikuwepo. Nikamshukuru, nikaondoka mbio, na pale njiani nikakutana ana kwa ana na mama shemasi.

Kikao cha wazee wa kanisa kiliitwa. Waliniweka katikati. Wakaniuliza kama nilinunua, nikasema ndiyo. Wakaniuliza nilimpa nani, nikasema chura. Kuna mtu alicheka nje ya dirisha, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniponza, maana wazee waliona nawafanyia mzaha. Nikatengwa na Meza ya Bwana, na kwaya nikaacha. Baba yako aliketi nyuma kabisa bila kuinua kichwa. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilipofungua chupa ya jamu nilimowatia vyura wangu na ile pombe, niwapakie kwenda Nairobi, harufu iliyotoka ilinifukuza jikoni. Walikuwa wameoza, wameachana vipande. Ile rangi ya papai ilikuwa imetoka yote, na siku niliyomwandikia yule mtaalamu tena sikuweza hata kuapa kama ilikuwa nyekundu au ya machungwa.

Ilichukua miaka kabla Mama Ndinda hajaniambia. Alikuwa ameshaokoka, tumekaa kwenye harusi ya mtu, akaanza kucheka peke yake. "Mwalimu, mimi nilijua umetumwa na chief. Mtu wa kwaya na sare yake, saa nane mchana? Nilikuwekea maji ya mto na tone moja tu ya kunusisha. Nilisema askari wakija, wakute ni maji." Angewahi kunywa yeyote nyumbani mwetu, angejua kuchovya kijiti na kukiwasha kuona kama kinashika moto. Mimi nilikuwa nimelelewa vizuri mno, sikujua.

Huko uendako kuna mambo ambayo malezi yangu hayakukufundisha, kwa sababu mimi mwenyewe siyajui. Uliza, hata swali likikutia aibu. Na rangi ya kiumbe iandike angali hai.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la chupa. Lilikuwa la mdomo. Mwaka ule ule kamati ya maji ikaanza kuzungumzia kujenga sanduku pale Ithembo, na chief akaitisha baraza. Nilisimama mbele ya watu wote nikawaambia pana chura pale asiyejulikana duniani, wasijenge. Wakacheka. Kucheka kwao hakukuwa kubaya, chura ni kitu cha kuchekesha, na habari ya chang'aa ilikuwa bado mbichi. Lakini mimi nilikuwa na yale yangu moyoni, nikawaka. Nikasema, "Ninyi hamjui kitu. Hamjui hata kutofautisha kilicho hai na kilichokufa." Nilikuwa namwangalia susu wako.

Mzee Nzioka, wakati ule kijana, alingoja kelele zitulie. Akasema polepole, "Mwalimu, mtoto wangu anakunywa dimbwi moja na ng'ombe. Huyo chura wako anakunywa nini?"

Sikuwa nimefikiria watoto wao. Laiti ningeomba bomba la upana wa kidole, wangenipa siku ile. Mimi niliomba wasijenge kabisa, halafu nikawatukana. Baada ya hapo hata waliokuwa upande wangu waliona haya kusimama nami.

Nikasema basi, mvua ya mwezi wa kumi ikija nitakamata wengine kabla hawajaanza kazi. Nilipata fomalini, nikaificha juu ya kabati. Lakini mvua ilipokuja, nilikuwa na wewe tumboni, na wewe ulikuwa na haraka. Simiti na wewe mlifika wiki moja. Nililala kwenye kitanda kile kile, wewe kifuani, na kupitia dirishani nikawasikia akina mama wa mwethya wakipanda na mchanga, wanaimba. Siku nzima wanaimba. Nilijua kila wimbo unamaanisha mwamba umefunikwa kiasi gani. Na sikuinuka. Niliogopa nikikuacha hata kidogo kabla ya siku ya tatu, nitakuta leso tupu. Nilikushika mpaka mikono ikafa ganzi. Susu alitaka akuchukue nilale kidogo, nikamwambia akikugusa nitamng'ata.

Siku ya tatu nyimbo ziliisha, mvua ikamwagika, na wakakupa jina la mvua. Baba yako alilisema kwa sauti mpaka nikamwambia atakuamsha. Sijawahi kufurahi namna ile, kabla wala baadaye. Na siku hiyo hiyo, kwa hesabu yangu, chura alikufa. Nilikuchagua wewe. Ningekuchagua wewe tena.

Ila nilifanya jambo moja la kijinga, na hili ndilo nisilotaka ulirithi. Sikupanda tena kwenda kuangalia. Miaka yote ile ulipokuwa unakua, mlima uko pale pale nyuma ya jiko, sikupanda. Nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia mimi ni mtu anayejua kupoteza, nikafunga ukurasa, nikafundisha watoto wa watu sehemu za ua na mzunguko wa damu. Kumbe kulikuwa na ufa huko juu zaidi ya sanduku, umejificha nyuma ya mizizi, unaotoa jasho kidogo mwaka mzima, na yeye alikuwa humo na wachache wake, kila asubuhi anagonga chupa yake. Nilimzika mzima. Mimi, niliyewachukia wengine kwa kuzika haraka.

Mpaka mvua kubwa ya mwaka huu ilipoangusha jiwe kubwa la juu, ule ufa wake ukafukiwa, sanduku likapasuka, mwamba ukalowa tena. Ulikuwa umekuja likizo. Nilikuwa napepeta mbaazi uani nikakuona unateremka mbio, bila viatu, umefumba viganja mbele yako kama mtu aliyebeba kaa la moto. "Mami! Sikiliza! Sikiliza hiki!" Nami nikajua kabla hujafungua. Ulishangaa kwa nini nilikaa chini kwenye makapi. Ulidhani ni presha.

Basi kesho nitapanda. Sina hasira mara hii. Nimepika chai ya kutosha watu wote, nimekata kipande cha bomba la upana wa kidole, na fundi wa Matiliku ameniambia linavyokaa ukutani mwa sanduku. Nitamwomba Mzee Nzioka kidole kimoja tu cha maji. Anaweza kukataa. Mwezi uliopita nilipomgusia alinijibu, "Kidole kimoja usiku kucha ni mitungi mingapi, Mwalimu?" na swali lake ni la haki. Nikikataliwa nitakaa juu ya jiwe na hawataweza kumimina bila kunibeba, na mimi si mwepesi. Mama Ndinda amesema atakuja. Anasema anadaiwa na yule chura.

Jioni hii ulipokwenda kuoga, susu alinikuta nafunga chai. Nikamweleza. Nilitegemea aniambie mama gani humwacha mtoto wake steji kwa ajili ya chura. Akasugua goti. Kisha akaniuliza kwa Kikamba, "Na kale kachura, mmekapa jina?"

Nikamwambia bado, ndiyo kazi anayoendea Mumbua.

"Basi akape haraka," akasema. "Si vizuri kitu kukaa bila jina." Akatazama mlango. Halafu akasema, "Wakati ule tulikosea, mwanangu. Sisi tulifanya vile tulifanyiwa. Wangu pia walikuwa wawili, hawakupata jina." Akainuka kwa fimbo yake akasema kesho nimwamshe, atakuja na kiti chake.

Wawili. Nimekaa naye nyumba moja miaka hii yote na sikujua. Nililia, Mumbua, na ndiyo maana karatasi hii imejikunja pembeni.

Sasa jibu lako. Hapana, usimpe jina langu. Yule mvulana, usiku ule mmoja niliokuwa naye, nilishamchagulia jina, sikungoja siku ya tatu. Sikulitamka kwa sababu si mama anayelitamka, na baadaye hapakuwa na wa kumwita. Ni Kioko. Kwa kuwa alikuja asubuhi.

Mpe hilo. Wakubwa wa huko wakikuuliza maana yake, waambie katika lugha ya kwenu kioko ni asubuhi, na chura huyu huita asubuhi tu, ukungu ukiwa chini. Watalikubali, watalichapisha. Hutakuwa umesema uongo. Mengine tutayajua sisi wawili, na susu wako.

Gari likipita Malili jua litakuwa ndio linatoka. Usigeuke nyuma kututafuta, mlima hauonekani vizuri kutoka pale, nimeshajaribu. Ujue tu kwamba saa hiyo nimekaa juu ya lile jiwe, miguu imelowa, susu kando yangu kwenye kiti chake, wanaume wanakoroga simiti. Na chura akiita, nitamwitikia kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu wote wa Matiliku.

Nenda, mwanangu wa mvua. Ninakupenda kuliko nilivyowahi kukuambia, na ni kosa langu kwamba sikukuambia mara nyingi.

Mimi,
Mama wa Kioko na Mumbua